Hina, piko, jagua na stika mjini Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaopaka wenzao, na kwa wanaopakwa wanaotaka kujua kinachowekwa kwenye ngozi yao. Bei hatukuandika, maana faranga na dola hazikai mahali pamoja. Vipimo ndivyo tulivyoandika, navyo havibadiliki.

Nataka kitu cha bei nafuu kinachokaa muda mrefu. Nichague nini?

Hina ya unga, ukaikoroga mwenyewe. Kwenye kiganja na nyayo inakaa wiki mbili hadi tatu, juu ya mkono kama wiki moja hadi mbili, mgongoni na tumboni hata wiki haifiki. Jagua (rangi ya tunda, swali lake liko chini) inakaa wiki moja hadi mbili lakini ni ghali na haipatikani kirahisi. Stika za kubandika ni siku mbili hadi tano. Rangi za uso za maji huisha siku ileile. Hiyo wanayoiita "hina nyeupe" si hina hata kidogo: ni gundi ya ngozi iliyotiwa rangi, na siku ya pili au ya tatu inabanduka.

Ndugu yangu wa Uvira anakoroga unga uleule na unakolea vizuri. Kwangu Goma unabaki rangi ya chungwa. Kwa nini?

Baridi. Uvira iko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, joto tupu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na chumba cha kawaida hapa kina joto la digrii 20 au pungufu. Baridi inaharibu kazi mara mbili. Kwanza kwenye bakuli: jani la hina linatoa rangi yake (inaitwa lawsoni) polepole likiwa baridi, kwa hiyo ukikoroga asubuhi ukapaka mchana, unapaka majani mabichi. Pili kwenye ngozi: rangi hushika protini ya ngozi ya juu vizuri zaidi mkono ukiwa wa moto. Mteja aliyetoka kwenye pikipiki na upepo wa ziwa ana vidole vya barafu, na hapo hata unga wa Sojat kule India hautamsaidia.

Kwa hiyo, kwa Goma, hesabu saa 24 za kulaza hina pale wenzetu wa joto wanapohesabu 8 hadi 12. Ukitaka haraka, weka bakuli lililofunikwa ndani ya ndoo yenye maji ya vuguvugu, digrii 30 hadi 35 hivi, badilisha maji yakipoa. Usiliweke juu ya mbabula (jiko la makaa). Hina iliyochemka inatoa rangi yote kwa mkupuo kisha inakufa, na jioni yake unapaka tope la kahawia lisiloshika.

Mteja naye apashwe joto: achovye mikono kwenye maji ya moto dakika tano, akaushe vizuri, anywe chai. Hina ikishakauka mkononi anaweza kukaa jirani na mbabula, mkono mbali kiasi cha kuhisi uvuguvugu tu. Mlango uwe wazi. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu wakiwa wamelala, na usiku wa kuamkia harusi ndio watu hujifungia.

Vipimo kamili vya kukoroga ni vipi?

Kwa gramu 100 za unga:

- maji ya ndimu mililita 100 (ndimu tatu au nne kubwa, yachujwe)
- maji mililita 150 hadi 200
- sukari gramu 20 hadi 30, yaani vijiko viwili vya chakula
- mafuta ya mmea yenye harufu kali, mililita 30 (swali lake liko chini)

Chuja unga kwanza kwa soksi ndefu nyembamba ya kike iliyo mpya. Mchanga na vijiti utakavyobaki navyo ndivyo vingeziba ncha ya koni, kile kijifuko chenye ncha cha kuchorea. Tia ndimu na maji mililita 120 tu, koroga hadi uzito wa bugali laini. Tia sukari na mafuta, koroga tena. Bandika nailoni iguse uso wa hina kabisa, hewa isipate nafasi, kisha ilaze.

Utajuaje imeiva? Uso wake umegeuka kahawia huku ndani kukiwa kijani bado. Weka tone moja katikati ya kiganja, subiri dakika kumi, lifute: likiacha alama ya chungwa inayong'aa, iko tayari. Likiacha alama hafifu, irudishe kulala. Ikiwa tayari, ongeza maji kidogokidogo, kijiko kimoja kimoja, hadi iwe nzito kama maziwa ya mgando na ikivutwa na kijiko itoe uzi bila kukatika. Hapo ichuje tena kwa soksi, uijaze kwenye koni.

Sukari ina kazi ya kuifanya hina ishike ngozi isipasuke. Lakini sukari pia huvuta unyevu wa hewa. Miezi ya mvua, gramu 20 zinatosha. Ukizidisha, mistari iliyochorwa vizuri saa tatu usiku inakuwa imetiririka saa tano. Juni hadi Agosti hewa imekauka na vumbi la mawe ya volkano limejaa, basi panda hadi 30.

Maji ya bidoni (dumu) ya ziwani yanafaa?

Maji ya Ziwa Kivu yana ualkali, pH yake juu ya uso ni karibu 9, na ya kwenye bidoni mara nyingi yametiwa klorini. Hayataharibu kila kitu, kwa sababu ndimu inayasawazisha, ila ni bora utumie maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Mwenye ngozi inayowashwa na ndimu akorogewe kwa maji na chai ya rangi, ndimu kijiko kimoja tu. Kahawa wengi wanaitia wakiamini inaongeza weusi. Inaongeza weusi wa hina kwenye bakuli, si kwenye ngozi. Kahawa ya Kivu iache kikombeni.

Nitautambuaje unga mzuri sokoni?

Unga mzuri una kijani cha majani makavu, kidogo unaelekea kahawia, na unanuka kama nyasi zilizokatwa jana. Kijani kikali kama cha rangi ya kuta kimetiwa rangi ili kikupendeze. Unga mweusi au wa kahawia iliyoiva sana umezeeka, au una kitu kingine ndani. Saga kidogo kati ya vidole: ule wa kuchorea ni laini kama unga wa mtama uliochekechwa mara mbili, ule wa nywele unakwaruza. Wa nywele unaweza kutumika ukiuchuja sana, lakini mara nyingi robo inabaki kwenye soksi, na hapo unafuu wake umekwisha.

Pakiti nyingi zinazofika hapa zimeandikwa Kifaransa, "henné". Geuza nyuma usome vilivyomo. Kinachotakiwa ni jina moja tu: Lawsonia inermis. Ukikuta "paraphénylènediamine", "PPD" au "picramate de sodium", rudisha. Pakiti isiyoandikwa kilichomo, usiipake mtu.

Usinunue kilo moja kwa sababu imepunguzwa bei. Unga unaharibiwa na mwanga, joto na unyevu; uliokaa wazi kwenye kibanda kinachopigwa na jua hupoteza nguvu ukiuangalia. Nunua gramu 100, jaribu kiganjani, ndipo urudi kwa muuzaji yuleyule kabla mzigo wake haujaisha. Nyumbani uweke kwenye chombo kisichoingiza hewa, gizani. Hapa baridi ya Goma inatusaidia.

Koni za tayari za madukani je?

Fikiri hivi: hina halisi iliyokorogwa, ikikaa nje ya friji, nguvu inaanza kuisha ndani ya siku mbili tatu. Koni iliyosafiri baharini, ikapanda lori, ikavuka mpaka wa Gisenyi na kukaa rafuni miezi sita bila baridi, inakoleza kwa kitu gani? Si kwa jani. Ikiwa imeandikwa kwamba inakolea kwa dakika kumi au ishirini, jibu umelipata: ni kemikali.

Koni uliyojaza mwenyewe inakaa friji siku tatu hadi tano, na kwenye friza miezi kadhaa. Umeme ukikatika na zikayeyuka zote, usizigandishe na kuziyeyusha mara kwa mara. Zipake ndani ya siku mbili. Ndiyo maana tunashauri kukoroga gramu 50 mara nyingi kuliko gramu 300 mara moja.

Koni natengeneza kwa kitu gani?

Karatasi ya nailoni ngumu ya kufungia maua au zawadi, ile inayolia ukiikunja. Kata vipande vya sentimita 13 kwa 18, zungusha kwenye kidole ncha iwe kali, funga kwa selotepu kuanzia chini hadi juu. Jaza theluthi mbili, kunja mdomo, funga tena. Mfuko wa kawaida wa sokoni ni laini mno, unapasuka ukiubana. Sirenge mpya ya mililita 5 bila sindano inafaa kwa mistari minene. Sirenge iliyotumika, hata ikichemshwa, hapana.

Ni mafuta gani hasa? Wengine wanatia petroli.

Petroli, mafuta ya taa na tina ya rangi vinachoma ngozi na havina faida ambayo mmea hauna. Kinachotakiwa ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye majani au maua: lavenda, mti-chai, kajeputi. Hayo yanasaidia lawsoni kuingia ndani ya ngozi. Ya mkalitusi ndiyo rahisi kupatikana kwetu, na yanafanya kazi, lakini ni makali: yatumie kwa watu wazima tu, nusu ya kipimo, na kamwe usiyatumie kwa mtoto wala mjamzito. Chupa ndogo inayonuka vizuri lakini imeandikwa "parfum" ni manukato ya dukani, haisaidii kitu.

Usipopata mafuta yoyote, koroga bila mafuta. Rangi itakuwa nyepesi kidogo, basi. Mafuta ya nazi, karanga au mawese hayachukui nafasi yake. Ukiyatia ndani ya hina unazuia rangi isishike. Kazi yake ni baadaye.

Piko, au hina nyeusi, ina shida gani? Inakolea nusu saa na inapendeza.

Ni rangi ya nywele. Ndani yake kuna PPD, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Kwenye hina nyeusi zilizopimwa maabara imekutwa hata zaidi ya asilimia 15. Mtu anaweza kupakwa mara ya kwanza na asione kitu, mwili wake ukawa umejifunza kuichukia. Mara ya pili, kati ya siku moja na kumi, ua lilelile linawasha, linavimba, linatoa malengelenge yenye umbo la mchoro. Likipona linaacha kovu au alama nyeupe, na kwa mwenye ngozi nyeusi alama hiyo inaonekana kuliko hina yenyewe ilivyoonekana.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba mzio huo hauondoki. Miaka kumi baadaye mama anapaka nywele rangi saluni, na uso unavimba macho yanafumba. Mzio huo unaweza pia kuamshwa na dawa fulani za ganzi na za salfa, zinazofanana na PPD kwa umbile.

Mteja akikuambia "nipe nyeusi, nakulipa mara mbili", mchoree hina ya kawaida kwenye kiganja na mistari minene, au mwambie huna. Kujaribu tone dogo la piko nyuma ya sikio si kinga, kwa sababu tone hilo lenyewe linaweza kuanzisha mzio.

Lakini ngozi yangu ni nyeusi, hina ya kahawia haionekani.

Haionekani juu ya mkono. Kiganjani, nyayoni, pembeni mwa vidole na kwenye kifundo upande wa ndani inaonekana vizuri sana. Peleka mchoro huko. Mistari iwe minene, iachane, na baadhi ya sehemu zijazwe zote: ncha za vidole nzima, duara katikati ya kiganja. Maua madogo yenye vijistari kama uzi, yanayopendeza kwenye picha za India, yatapotea kwenye ngozi yetu. Hili ni jambo la mchoraji, halitatuliwi na dawa.

Jagua ni nini, na inafaa gharama yake?

Ni maji ya tunda bichi la Genipa americana, mti wa Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako watu wa misitu ya Amazon wamejichora nalo tangu zamani. Linatoa rangi ya bluu inayokaribia nyeusi, na linaonekana kwenye ngozi nyeusi kuliko hina. Mara baada ya kuosha utaona karibu hakuna kitu, rangi inatoka kwa saa 24 hadi 48. Linapakwa saa mbili hadi tatu, kisha linaoshwa kwa maji.

Shida ni njia: ni lazima lisafiri baridi, na kwetu hilo ni gumu. "Jagua" ya unga mweusi au ya koni iliyokaa rafuni, ichukulie kuwa piko iliyobadilishwa jina. Hata ya kweli huleta mzio kwa baadhi ya watu, kwa hiyo jaribu tone kwenye kiwiko upande wa ndani na subiri saa 48.

Nifanye nini baada ya kupakwa ili ikae?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Hina iache saa 6 hadi 8, ikiwezekana ulale nayo. Ikianza kukauka iguseguse kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya ndimu yenye sukari (vijiko viwili kwa kimoja), mara mbili tatu tu; ukilowesha sana inatiririka. Wakati wa kulala funga kwa karatasi ya chooni halafu kitambaa. Usifunge kwa nailoni tupu, jasho litaimwaga.

Kuitoa usiioshe. Ibandue kwa kisu cha mezani upande usiokata, au ukiwa umepaka mawese kidogo ikalainika. Mawese yanachafua nguo, vaa kitenge cha zamani. Baada ya hapo usiguse maji saa 12, bora 24. Rangi itakuwa chungwa, usiogope. Siku ya pili itageuka kahawia.

Kwa hiyo kama harusi ni Jumamosi, paka Alhamisi jioni. Wanaopakwa Ijumaa usiku wanaingia ukumbini na mikono ya chungwa, halafu lawama ni za mpakaji.

Baada ya hapo adui ni sabuni ya kipande, javeli (maji ya klorini ya kufulia) na kusugua masufuria. Paka mafuta ya nazi au vazelini kabla ya kushika maji. Krimu za kung'arisha ngozi zinabandua ngozi ya juu, na rangi inaondoka nayo. Anayezitumia atarajie siku tatu au nne, asidai arudishiwe fedha.

Mtoto mchanga anaweza kupakwa?

Hapana, hata kidogo, hata hina safi. Kuna watu wanaozaliwa damu yao ikikosa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kasoro ya kurithi iliyo ya kawaida kwenye nchi za malaria kama yetu. Kwao lawsoni inapasua chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto mchanga inaweza kuua. Aliyepakwa kisha akapata macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito au kulegea, apelekwe hospitali siku ileile na daktari aambiwe kuhusu hina. Mtu mzima anayejua ana kasoro hiyo naye asipakwe.

Watoto wa miaka sita kwenda juu wasio na kasoro hiyo: ua dogo, bila mafuta makali. Wajawazito vivyo hivyo.

Na rangi za uso kwa mechi au sherehe za shule?

Bluu, nyekundu na njano za bendera zinatafutwa sana Leopards, timu ya taifa ya Kongo, wakicheza. Nunua rangi za vipodozi za maji. Kisanduku kidogo kinachora nyuso nyingi, kwa hiyo ni nafuu kuliko kinavyoonekana. Kwa dharura: wanga wa mahindi vijiko viwili, losheni nyeupe kijiko kimoja, maji kidogo na rangi ya chakula. Itapasuka baada ya saa chache, na nyekundu inaweza kuacha doa hadi kesho.

Nyeupe ichaguliwe vizuri. Udongo mweupe, pemba, uliochujwa ukakorogwa na maji, hauna neno. Chokaa ya ujenzi inafanana nao kwa macho lakini inachoma ngozi na kupofusha jicho. Kama muuzaji hajui anauza ipi, acha. Mchanga mweusi wa volkano nao ni kioo kilichosagika, usisugue usoni. Rangi za kuta, za mafuta na kalamu za kuandikia maboksi si za ngozi.

Stika inabanduka siku ileile. Nakosea wapi?

Mafuta. Ngozi iliyopakwa losheni asubuhi haishiki. Pangusa kwa spiriti ya famasi, acha ikauke, bandika, kandamiza kitambaa chenye maji sekunde 30 bila kutikisa, vuta karatasi taratibu. Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto. Weka mahali pasipokunjika. Kuitoa: mafuta yoyote ya kupikia, dakika mbili.

Koni moja inatosha watu wangapi?

Gramu 100 za unga zinatoa takriban gramu 400 za hina, yaani koni 15 hivi za gramu 25 ukitoa inayobaki kwenye soksi na bakuli. Koni moja inatosha viganja viwili vya mchoro wa kawaida. Bibi harusi, mikono na miguu, ni nne hadi sita. Gawanya gharama zako zote kwa 15, usisahau mafuta, ambayo mara nyingi ni ghali kuliko unga wenyewe. Halafu weka saa zako juu yake.

Hina imekosewa, naitoaje?

Ikiwa mbichi, ifute mara moja kwa pamba yenye mafuta. Sekunde chache hazitoshi kuacha alama kali. Ikishakolea haitoki, inafifia tu: loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, sugua kwa kitambaa kigumu, rudia kila siku. Javeli usitumie, itatoa ngozi kabla ya kutoa hina.

Imevimba na inawasha. Nifanye nini?

Osha kwa sabuni na maji mengi hata kama imekaa dakika tano tu. Weka kitambaa baridi. Usitie dawa ya meno, majivu wala ndimu, na usitoboe malengelenge. Nenda kituo cha afya na pakiti au koni yenyewe, wasome kilichomo. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, usisubiri asubuhi. Ikithibitika kuwa ni PPD, liandike jina hilo kwenye karatasi na uliweke pamoja na kadi yako ya hospitali, ili msusi na daktari wa meno waambiwe kabla hawajakugusa.